Kobe wawili wameokotwa, mmoja Kisongo na mmoja Makuyuni: kufuga au kuuza kunahitaji kibali gani?

Mkulima Kisongo

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua sheria na wanaojua wanyama.

Trekta lilipokuwa likilima huku Kisongo ameonekana kobe mkubwa, mgongo umeinuka kama bakuli lililofunikwa, rangi ya manjano iliyofifia na madoa meusi. Wa pili ameletwa na kijana anayechunga mbuzi kwenye vilima vya mawe upande wa Makuyuni. Huyo ni mdogo, bapa kabisa, na ukibonyeza gamba la tumbo kwa kidole linaingia kidogo. Wote wawili wapo kwenye banda la kuku.

Kuna mtu wa Moshi mjini anataka kuwanunua, anasema ana leseni. Mtendaji wa kijiji yuko tayari kuandika barua ya utambulisho. Ndugu aliyeko Marekani anasema kule kila jimbo lina sheria yake ya kobe, kwa hiyo tuulize mkoa wa Arusha unasemaje. Je, barua ya mtendaji inatosha? Na kufuga tu nyumbani bila kuuza, napo kuna shida?

Mezani kwa Sheria

Ndugu mkulima, kabla ya mengine yote: usiwauze, na usikubali mtu yeyote awapakie kwenda Moshi.

Mkoa hauna sheria yake ya wanyamapori, wala halmashauri. Tanzania Bara nzima inatumia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Zanzibar wana za kwao. Msimamizi wa wanyamapori walio nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na pale wilayani yuko Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Barua ya mtendaji ni ushahidi mzuri wa lini na wapi kobe ameonekana. Kibali siyo, na mtendaji hana mamlaka ya kukitoa.

Watu wakisikia "nyara za Serikali" hufikiria pembe za ndovu na ngozi ya chui. Tafsiri iliyomo kwenye sheria ni pana mno: nyara ni mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa, na pia pembe, jino, mfupa, kucha, ngozi, nyama, unyoya, yai au kipande chake chochote, hata kikishatengenezwa kuwa pambo. Kobe anayetembea ndani ya banda lako ni nyara. Gamba tupu lililowekwa juu ya kabati sebuleni ni nyara vilevile.

Kifungu cha 86 cha sheria hiyo ya 2009 kinakataza kuwa na nyara, kununua, kuuza au kujihusisha nayo kwa namna nyingine. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, shida ipo: kosa halisubiri pesa zibadilishane mikono, kuwa naye tu bila idhini kunatosha. Adhabu inategemea mnyama yuko kwenye jedwali lipi, yaani orodha ipi ya wanyama mwishoni mwa sheria, na thamani yake ni kiasi gani. Thamani hiyo si bei mliyopatana na mnunuzi. Afisa wanyamapori ndiye huandaa hati ya uthaminishaji, na hiyo ndiyo mahakama huitumia. Kwa mnyama wa Sehemu ya Kwanza ya Jedwali la Kwanza mwenye thamani inayozidi shilingi 100,000, kifungo kilichoandikwa ni cha miaka 20 hadi 30. Kesi za namna hii hupelekwa kama uhujumu uchumi chini ya Sura ya 200 ya sheria za nchi. Hapo kesi haianzi kusikilizwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na muda wote huo mshtakiwa anasubiri.

Sasa huyo wa Moshi mwenye leseni. Muulize leseni ya nini. Kibali cha kukamata ni kimoja, leseni ya kufuga au kuonyesha wanyama ni nyingine, kibali cha kuwasafirisha toka sehemu moja kwenda nyingine ni kingine tena. Karatasi halali inataja aina ya mnyama, idadi, mahali wanakotoka na muda wa matumizi. Leseni ya bustani ya wanyama haimruhusu mwenyewe kuzunguka vijijini akinunua kobe waliookotwa. Hata angekuwa na leseni zote, haikufuniki wewe unayeuza. Na ukikutwa na mnyama, mzigo wa kuonyesha kwamba umempata kihalali uko kwako. Hapo ndipo wengi huanguka: wanachukua mnyama kwanza, karatasi wanaitafuta baadaye. Ofisi haiwezi kukupa leo kibali cha kumkamata mnyama uliyemkamata wiki iliyopita.

Kuna pia wanaonunua kwa matarajio ya kusafirisha nje. Novemba 2010 wanyama hai wakiwemo twiga walipakiwa kwenye ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Qatar, na tangu sakata lile biashara hiyo imebanwa. Machi 2016 Serikali ilitangaza kuzuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwa miaka mitatu. Juni 2022 likatoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kusafirisha waliobaki nao, na waziri akalisitisha ndani ya siku chache tu. Anayekuambia "njia ipo" akuonyeshe njia hiyo kwa maandishi, yenye tarehe.

Dawa na Mifugo, Himo

Mkuu, sheria umeshajibiwa. Mimi naomba uwatoe kwenye banda la kuku sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kuku hudonoa macho na miguu ya kobe. Kobe naye hula kinyesi na pumba za kuku, na hicho si chakula chake hata kidogo. Tena kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, na kuku nao hubeba. Aliyewashika anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiwashike kabisa. Usioshee vyombo vyao kwenye sinki la jikoni.

Waweke kila mmoja peke yake kwenye boksi la mbao au katoni imara, chini weka magazeti au nyasi kavu, mahali penye kivuli na hewa, mbwa wasipofika. Mpe maji kwenye sahani pana yenye kina cha sentimita 2 au 3, asimame ndani kwa dakika 15 hadi 20. Atakunywa kwa kuchovya pua na kunyoosha shingo, usishangae akikaa hivyo muda mrefu. Maji haya ni muhimu kuliko chakula, na sababu yake ni hii: kobe wa nchi kavu huhifadhi maji kwenye kibofu, na akinyanyuliwa ghafla huyamwaga kwa hofu. Watu hudhani amekojoa tu. Wakati wa kiangazi yale ndiyo akiba yake ya wiki nyingi, na ukimrudisha porini bila kumnywesha unaweza kuwa umemuua polepole.

Akikaa siku moja au mbili bila kula hafi. Ikibidi umlishe, mpe nyasi za kawaida na majani ya porini. Usimpe ugali, mkate, wali wala maziwa. Tumbo lake limeumbwa kuchachusha nyuzinyuzi, na wanga ukiingia kwa wingi unavuruga vijidudu vinavyomsaidia kusaga, anaharisha na gesi inamjaa.

Kupe. Kobe mkubwa wa madoa mara nyingi ana kupe wakubwa wenye rangi kwenye mikunjo ya shingo na mapaja. Watoe kwa kibano, ukivuta taratibu karibu na ngozi. Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na tafadhali sana, mtu yeyote mwenye bomba la sindano asimkaribie na ivermektini. Kwa ng'ombe na mbuzi ni dawa nzuri, kwa kobe ni sumu: hulegea miguu, hupooza, pumzi hukata. Kipimo kidogo hakimwokoi, maana tatizo si kipimo.

Jambo la mwisho ambalo hufanyika sana vijijini na linaniumiza. Msitoboe gamba ili kumfunga kamba. Gamba si kucha wala si kofia aliyoivaa. Ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana, vimefunikwa juu kwa vigae vya kucha, na chini ya vigae kuna damu na mishipa ya fahamu. Tundu la msumari linaweza kufika kifuani, kwenye mapafu, ambayo kwa kobe yako juu, chini kidogo tu ya mgongo. Kama jembe la trekta limempasua yule mkubwa, osha ufa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, funika kwa shashi safi ili nzi wasitage, na umwite daktari wa mifugo. Usizibe kwa gundi, utafungia usaha ndani.

Mama Tengeru

Kaka, huyo bapa ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Maelezo yako yanamtosha kobe chapati, wengine humwita kobe wa mawe, kwa jina la kitaalamu Malacochersus tornieri. Mwangalie: mgongo umelala kama sahani, urefu haufiki sentimita 20 hata akiwa mzima, gamba limebaki na nafasi kubwa zisizo na mfupa ndiyo maana linabonyea. Kwa kobe wengine gamba laini ni dalili ya kukosa kalsiamu na jua. Kwa huyu ni maumbile. Akitishwa hajifungii ndani ya gamba, anakimbia, na ana mbio ukilinganisha na kobe wengine. Anaingia kwenye ufa wa jiwe na kujikaza kwa miguu hadi huwezi kumchomoa.

Anaishi Tanzania na Kenya, na sehemu ndogo ya Zambia. Hayuko kila mahali, anahitaji majabali yenye nyufa za upana unaomfaa. Wakamataji hutumia mitarimbo na hata jeki za gari kupasua mawe, na ufa ukishavunjwa hakuna kobe mwingine atakayeutumia, kwa hiyo hasara haiishii kwa yule aliyechukuliwa. Jike hutaga yai moja kwa wakati. Yai moja, kaka. Ndiyo maana Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, umemweka kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka, na mwezi Agosti 2019 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, pale Geneva ulimtoa Kiambatisho cha II ukampandisha Kiambatisho cha I. Uamuzi huo ulianza kutumika Novemba 2019. Kwa lugha nyepesi, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa.

Hilo la yai moja ndilo linalofichua uongo wa "tumewazalisha wenyewe". Mtu akikuambia ana majike kumi na ameuza vifaranga mia mbili mwaka huu, chukua kalamu upige hesabu. Kila jike lingelazimika kutaga mara ishirini kwa mwaka, mayai yote yaanguliwe, asife hata mmoja. Hao wametoka kwenye mawe ya Makuyuni, Tarangire na kwingine, wamepitishwa tu shambani kwake.

Yule mkubwa ni kobe wa madoa, Stigmochelys pardalis, yuko Kiambatisho cha II pamoja na kobe wengi wa nchi kavu. Kiambatisho cha II hakimaanishi ruhusa. Kinamaanisha kwamba hata nchi ikiruhusu, lazima kuwe na kibali cha CITES, na kabla yake wanasayansi waridhike kwamba kuwachukua hakutadhuru waliobaki. Kwetu kazi hiyo ya kisayansi iko TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, makao yao hapa hapa Arusha. Ukimtazama kwa karibu utaona juu ya shingo, pale ambapo gamba linaanzia, hakuna kigae kidogo cha katikati ambacho kobe wengi wanacho. Piga picha ya hapo, inamsaidia afisa kumtambua bila kubishana.

Nyongeza kwa wanaouza mapambo mjini: bangili na vitana vya ng'amba navyo vimo. Kasa wote wa baharini wako Kiambatisho cha I, na mtalii akishikwa uwanja wa ndege akaulizwa amenunua wapi, atasema.

Kibo Kaskazini

Kuhusu ndugu wa Marekani: hajakosea, ila ya kule hayahamishiki. Kule wanyama wa porini kwa sehemu kubwa wako chini ya majimbo, ndiyo maana sheria zinatofautiana mpaka kwa mpaka. Florida ilipiga marufuku mwaka 2009 kukamata kasa wa maji baridi kwa biashara. Texas ikafuata mwaka 2018. California mtu anaweza kufuga kobe wa jangwani kwa kibali cha jimbo, lakini hawezi kumchukua porini, kumnunua wala kumuuza, na aliyefugwa haruhusiwi kuachiwa jangwani kwa sababu hubeba maradhi ya njia ya hewa.

Juu ya hizo za majimbo kuna za taifa zima. Sheria ya Lacey, ya tangu mwaka 1900, humkamata anayevusha mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria, ikiwemo sheria ya nchi nyingine. Maana yake kobe aliyetoka Makuyuni bila karatasi ni kosa hata akishafika Texas. Tangu 1975 hairuhusiwi kuuza kasa au kobe mwenye gamba la chini ya inchi 4, karibu sentimita 10, kwa sababu ya salmonela kwa watoto.

Na yule mkubwa wa madoa ameshafungiwa mlango kule kwa jina. Tangu mwaka 2000 Marekani imezuia kuingiza aina hiyo kwa sababu ya wale kupe aliowataja daktari. Wanaweza kubeba maji moyo, ugonjwa ambao wafugaji wa Monduli na Longido wanaujua vizuri kwa mbuzi na ng'ombe wao, na Marekani bara haupo.

Mkulima Kisongo

Asanteni sana wakuu, na Mama Tengeru shikamoo. Wametolewa bandani, wako kwenye maboksi mawili, wamekunywa. Mkubwa ana mkwaruzo tu, hakupasuka. Mnunuzi ameambiwa hapana.

Yamebaki mawili. Nimpakie kwenye bodaboda nimpeleke ofisini wilayani, au nikamwachie tu kule trekta lilipompata? Na yule kijana wa mbuzi anaogopa kutajwa.

Mezani kwa Sheria

Bodaboda hapana. Kumbeba mwenyewe barabarani ni kusafirisha nyara bila kibali, na ukisimamishwa na askari asiyejua habari yako, maelezo utayatolea kituoni. Piga simu au nenda mwenyewe ofisini kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, ukiwa na barua, wanyama wabaki pale walipo. Afisa ndiye aje.

Barua iwe fupi. Tarehe na saa kobe alipoonekana, mahali kwa jina la kitongoji na vipimo vya ramani kutoka kwenye simu, nani alikuwepo, hali ya mnyama, na ombi kwamba ofisi ije kumchukua au ielekeze. Ambatisha picha nne za kila mmoja: juu, chini, mbele, ubavuni, rula ikiwa kando. Urefu upime kwa kusimamisha matofali mawili, moja kichwani mwa gamba na jingine mkiani, kisha pima nafasi iliyo kati yao. Futi kamba ikifuata mviringo wa mgongo itakudanganya kwa sentimita kadhaa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Nakala nyingine mpe mtendaji. Fanya leo, maana kila siku inayopita barua inapungua nguvu.

Kuhusu kijana, atajwe. Barua ikificha alikotoka kobe bapa, itaonekana ametoka kwako. Aende na wewe na mtendaji, aeleze kwa kinywa chake alimwona wapi. Kama tayari kuna askari aliyeshafika kuuliza, basi kabla ya kuandika chochote ongeeni na wakili.

Mama Tengeru

Kumwachia: yule mkubwa, afisa akiridhia, arudi pale pale alipopatikana, ukingoni mwa shamba upande ambao trekta halirudi. Asipelekwe "porini kuzuri zaidi" kilomita nyingi. Kobe anajua maji yake na vivuli vyake, ukimhamisha hutumia wiki nyingi akizunguka kutafuta njia ya kurudi, na huko anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake. Mwachieni asubuhi au jua likipoa, baada ya kumnywesha, na mmshike kwa mikono miwili katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, chini chini, bila kumgeuza.

Huyo bapa ndiye atakayetaka kazi. Kumtupa kwenye kilima chochote chenye mawe hakutoshi, maana nyufa zinazomfaa ni chache na nyingine zina wenyewe. Mweleze kijana mapema kwamba afisa akija atahitajika kupanda naye hadi kwenye ufa wenyewe aliomchomoa, na kama aliuziba kwa jiwe au fimbo, hiyo iondolewe kwanza.